Kinanda Kimfuate Shangazi

Mtu wa kwanza kuniambia kinanda changu kimekufa alikuwa fundi mmoja wa mjini. Alikichomeka, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akasikia kimya, akatikisa kichwa na kuniambia nikanunue kingine. Nikamuuliza amejuaje kwamba kimekufa wakati kioo kinawaka na taa zake zote zinakonyeza. Akasema ameshaviona vingi vya aina hiyo. Nikakifunga kwenye kanga, nikakibeba mgongoni hadi kwenye teksi, nikarudi nacho Bellevue, mtaa wetu hapa Johannesburg, nimenuna njia nzima. Mimi nimezaliwa Tanga, na kwetu maiti haizikwi kabla ya kuoshwa. Huyu alitaka kuzika bila hata kumtazama marehemu usoni.

Kinanda ninachokisema ni sintesaiza. Ina vitufe vyeusi na vyeupe kama kinanda chochote, lakini sauti unaitengeneza mwenyewe, kwa kuzungusha vishikizo vyake na kuchimba ndani ya menyu, mpaka upate filimbi, au udi, au kitu ambacho hakina jina. Nilichimba. Kila nikirudi kazini nilikaa mbele yake, nikafungua ukurasa mmoja wa menyu baada ya mwingine, hadi chini kabisa nikakuta mahali ambapo mwenyewe wa zamani alikuwa ametenganisha vitufe na sauti, ili vitufe viendeshe kompyuta na mashine yenyewe inyamaze. Nikabadilisha neno moja tu kwenye kioo. Kinanda kikalia kwa nguvu hata mimi mwenyewe nikaruka. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kitu fulani ni kibovu, namuuliza ametafuta mpaka wapi.

Studio yangu ni stoo. Nyumba tunayokaa ni ya zamani, yenye dari la bati lililochongwa maua, nayo imekatwa vyumba vingi kiasi kwamba hata sebule ina wapangaji wawili. Mimi nilibahatika kupata chumba cha karibu na jikoni pamoja na stoo yake, na humo ndimo nilimotundika mablanketi ukutani na godoro nyuma ya mlango. Umeme wa nyumba nzima unapita kwenye waya mmoja mzee, na mtu akiwasha birika, kinanda kinazimika na kuanza upya. Kwa hiyo kabla ya kurekodi natoka ukumbini na kupiga kelele, "Narekodi!" Nyumba nzima, Wakongo, Warundi na Mmalawi mmoja wa chumba cha nyuma, hakuna anayegusa birika mpaka niseme, "Basi!" Wenzangu wanaofanya muziki wana vyumba vilivyozibwa sauti kwa mbao maalumu. Mimi nina watu wanaovumilia kuchelewa kunywa chai, na sibadilishani.

Mchana nakata mapazia kwenye duka la vitambaa. Jumamosi napiga kinanda kwenye harusi za Watanzania na Wangazija wa mji huu. Siyo kazi kubwa, lakini ni yangu, na nimeshazoea kuulizwa mwanamke wa umri wangu anatafuta nini kwenye nyaya.

Mwaka huu mwanangu wa pekee akaposwa. Yeye amezaliwa hapahapa Johannesburg, anafanya kazi benki huko Sandton, na mchumba wake ni kijana mpole wa Soweto ambaye alikuja na wazee wake kwa heshima zote. Kiswahili mwanangu anakisikia chote, hata matusi. Lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika anaingia Kizulu. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, maana ndivyo yanavyofika kichwani mwangu.

Katika ukoo wetu, bibi harusi hatoki nyumbani kabla shangazi hajamwimbia. Si wimbo wa kucheza. Wanawake wanakaa chini, bibi harusi anafunikwa kanga, na shangazi anampa usia mstari mmoja mmoja. Shangazi yangu ndiye aliyeniimbia mimi, na dada zangu, na kila binti wetu. Sasa magoti yamemgomea. Kutoka kitandani hadi barazani ni safari, sembuse Johannesburg. Kumwimbisha kwa simu ya moja kwa moja tuliogopa, maana mtandao wa kwao ukitaka kukatika haupigi hodi. Nikampigia nikamwomba aimbe, jirani yake amrekodi na kunitumia, nami nitamwekea kinanda chini.

"Chini," akasema. "Usije ukanipandishia juu ya kichwa."

Sauti yake ilinifikia nikiwa kazini, nimeshika mkasi. Nikaenda chooni kuisikiliza. Kwanza aliwika jogoo. Kisha nikasikia kitu kinakaangwa, mtu akamwambia mtoto anyamaze, na shangazi akaanza:

Mwari nakupa usia, nao uweke moyoni,
Neno lako ukimeza, litakukaba kooni,
Heshima si kunyamaza, sema ukiwa nyumbani.

Nililia palepale chooni, wala sioni haya kusema. Nilipoolewa mimi aliniimbia maneno hayohayo, na ulifika wakati nikayahitaji. Nilitaka mwanangu ayapate kama nilivyoyapata mimi, kutoka kwenye koo lilelile. Sikuwa na haja nyingine katika harusi ile. Ukumbi, keki na magari niliwaachia wenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikaingia stoo, nikapiga kelele yangu ya birika, nikaanza kazi. Shida ikajitokeza mstari wa kwanza. Shangazi haimbi kwenye vitufe. Kuna noti anayotua nayo mwishoni, kwenye "moyoni" na "kooni", ambayo inakaa kati ya kitufe cheusi na cheupe. Ukibonyeza cheusi, yeye yuko juu yako. Ukibonyeza cheupe, yuko chini yako. Wazee wa taarabu waliopiga udi na fidla hawakusumbuliwa na jambo hili, maana kidole kinateleza kwenye uzi mpaka kifike kinapotaka. Kitufe hakitelezi. Nilipozicheza pamoja, sauti ya shangazi na kinanda changu viligombana kama wake wenza.

Mwanangu alipita stoo, akasikia, akakunja uso. Akanipeleka kwa Mkenya mmoja anayemjua, mtaalamu wa sauti mwenye chumba cha kurekodia Braamfontein. Kijana mwenye adabu, akaniita Anti, akanikaangia na mayai. Akasikiliza macho yamefumbwa.

"Anti, hii ni kitu kali," akasema. "Kuna noti moja tu iko off. Wacha niisafishe."

Akaisafisha. Nisimnyime haki yake, kazi ilikuwa safi, tena safi mno. Jogoo hayupo, kikaango hakipo, ile noti imevutwa hadi kwenye kitufe cheupe na kupigiliwa misumari, na shangazi yangu anaimba kama msichana wa tangazo la sabuni. Lakini kilichonipandisha mori zaidi ni kwamba mistari ilikuwa imesogezwa, mmoja umeshikana na mwingine.

"Hizi nafasi umezipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Zilikuwa kimya tu, Anti. Nimezitoa."

"Hapo mwari anaitika. Shangazi akimaliza mstari, bibi harusi anasema labeka. Asipoitika, mstari wa pili hauimbwi."

"Na nani ataitika?" akauliza, kwa nia njema kabisa.

Sote wawili tukamgeukia mwanangu. Yeye alikuwa anatazama simu yake.

Tukiwa garini, kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, ya kutokea Braamfontein, akasema alichokuwa nacho. "Eish, Ma. Wakwe zangu watakuwepo wote. Watadhani bibi hajui kuimba. Watacheka, na watakayemcheka ni yeye."

"Bibi yako ameimba kwenye harusi tangu wewe hujawa hata wazo."

"Najua. Ndiyo maana sitaki achekwe. Ile iliyosafishwa ni nzuri, Ma. Na hilo neno la kuitika, siwezi kulisema mbele ya watu wote wale. Nitalitamka vibaya."

"Umelisikia nyumbani kwangu maisha yako yote."

"Kusikia si kusema," akanijibu.

Robot ikawaka kijani, wa nyuma yetu akapiga honi. Nikamwambia mwanangu kwamba kuitika ni hiari yake, siwezi kumfungua mdomo kwa kijiko. Lakini shangazi yangu hasogezwi, si juu wala chini, si kwa mtaalamu wala kwa mkwe. Kama kuna wa kusogea, ni kinanda. Aliendesha hadi Bellevue, na mimi nikashuka nikafunga mlango wa gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sasa nilikuwa nimeshasema, ilibidi nitende. Nilirudi kwenye menyu. Nilijua mashine hizi huruhusu kila kitufe kivutwe kidogo juu au chini peke yake, ila sikuwahi kuona mtu akifanya. Niliutafuta ukurasa huo siku kadhaa. Mara nikazima sauti yote, mara nikafanya kinanda kizima kilie kama mlango wa kutu, mara hadeda, wale ndege wenye midomo mirefu, wakatua juu ya bati na kupiga makelele kana kwamba wananijibu. Wenzangu wa nyumba wakawa wanakunywa chai ya baridi. Mama wa Kirundi wa chumba cha mbele akaniambia nimekuwa mkaidi kupita punda wake wa kijijini, nikamshukuru.

Nilipoupata ukurasa, nikakishusha kitufe kile cheupe kidogo kidogo, nikimrudia shangazi kila mara, "moyoni, moyoni, moyoni". Ikafika mahali ugomvi ukaisha. Sauti yake na ya kinanda zikakaa pamoja, hujui ipi ya nani. Kwenye "kooni" palikuwa na mkwaruzo mdogo bado, lakini nikajiambia ni masikio yangu yamechoka. Nikahifadhi kila kitu kwenye kumbukumbu ya mashine, ili kila nikiiwasha ianze hivyohivyo. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa utotoni. Mimi nilifaidi, na Idi ilikuwa bado.

Katika nyumba yetu kuna Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa maduka, ambaye Jumapili hupiga kinanda kanisani kwao. Mimi humwazima kinanda changu, yeye huniazima spika zake kubwa kwa ajili ya harusi. Ni utaratibu wetu wa siku nyingi, hauna maandishi. Jumapili ile alikuja asubuhi na suti yake, akakibeba, nikamtakia ibada njema. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kinanda nilichompa kilikuwa kimeshakuwa cha Tanga.

Alirudi mchana, akakiweka mezani kwa uangalifu, uso umejaa furaha ya mtu aliyemtendea jirani wema.

"Mama, aksanti sana," akasema. "Lakini piano yako ilikuwa mugonjwa. Tulianza kuimba, noti moja ikalia mubaya, batu bote banageuka kuniangalia. Mi nikafuta yote, ikarudia mupya. Sasa iko bien."

"Umefuta nini?"

"Yote, mama. Iko muzuri sasa."

Nilikiwasha. Kilikuwa kizuri kweli, kizuri kama siku kilipotoka kiwandani. Noti ya shangazi haikuwepo, sauti ya udi niliyoitengeneza haikuwepo, hakuna changu hata kimoja. Nilipiga ukelele hata mama wa Kirundi akazima birika akidhani narekodi. Nilimwambia yule jirani maneno ambayo sitayaandika, na mengine yalikuwa ya Kidigo, ambayo hakuyajua, lakini alielewa. Akakaa juu ya kreti la soda, kofia mkononi.

"Mama, mi nilisema nakusaidia," akasema polepole.

Ningefurahi kama angebishana. Mtu akikaa juu ya kreti na suti yake ya kanisani, hasira inakosa pa kumshika. Mimi ndiye niliyekihifadhi vile bila kumwambia, na yeye akatibu mgonjwa ambaye haumwi. Kila mmoja wetu alikuwa na sikio zuri, na kila sikio lilikuwa na kwao. Nikampa maji. Nikamweleza habari ya wimbo, ya kuitika, ya noti iliyo kati ya vitufe. Akavua koti na kusema turudie pamoja.

Tukarudia. Ukurasa nilishaujua, kwa hiyo haikuchukua muda kukirudisha kitufe pale pa "moyoni". Yeye alikuwa ameinamia spika, mkono umeshika shavu. Tulipofika "kooni" akainua kidole.

"Mama, ya kwanza na ya pili hazifanane. Huyu mama anatembea."

Nikataka kumkatalia, halafu nikasikiliza tena. Ule mkwaruzo mdogo haukuwa wa masikio yangu. Shangazi alikuwa ametua mahali pamoja kwenye mstari wa kwanza na mahali pengine kwenye wa pili, na kwenye wa tatu sijui tuseme wapi. Nikampigia simu palepale, nikamuuliza kwa heshima kama kuna mstari aliokosea, tuurekodi upya.

"Nikosee?" akasema shangazi. "Ewe mtoto wewe! Kwani mie kengele, kila nikigongwa nilie vilevile? Mstari wa kwanza namwita, namwekea sauti laini. Wa pili namwonya. Utamwonya mtu kwa sauti ya kumbembeleza? Atakusikia?"

"Na wa tatu, shangazi?"

"Wa tatu inategemea alivyoniitikia."

Simu ilikuwa kwenye spika, na jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejivunia kumfuata shangazi, kumbe nilikuwa nimemchimbia shimo jipya la kumkalisha, tofauti na la yule Mkenya kwa kina tu. Hakuna ukurasa wa menyu ambao ungeweza kumshika mtu wa namna hiyo.

Jirani ndiye aliyenionyesha. Upande wa kushoto wa kinanda kuna gurudumu dogo, unalisukuma mbele au nyuma na noti inainama huku umeishika. Mimi nililiona ni la watoto, la kufanyia milio ya ving'ora. Wakongo wanalitumia wakitaka kinanda kilie kama gitaa, pale wimbo unapochemka na watu kanisani wanasimama kucheza. Akaniwekea mkono wa kushoto juu yake, wa kulia kwenye vitufe, noti moja moja. "Usiangalie kioo," akasema. "Sikia mama, halafu umufuate."

Nilijifunza kama mtoto wa madrasa. Mara nampita shangazi, mara nabaki nyuma naburuzwa. Kifundo cha mkono kiliniuma hadi mkasi wa kazini ukawa mzito. Bosi wangu akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia hapana, nimeinuka.

Siku ya harusi tulikaa uani, mchana, kwenye jua la baridi. Mikeka ilitandikwa, wanawake wa kwetu upande mmoja, wakwe wa Soweto upande mwingine wakiwa na mablanketi mabegani, na mwanangu katikati, mikono na hina, kafunikwa kanga. Simu yake iliwekwa juu ya kigoda mbele yake ili shangazi aone na kusikia kutoka Tanga, nayo ikaunganishwa na spika, ili akisema hongera wote wasikie. Yule Mkenya alikuwepo, mwanangu ndiye aliyemwalika, amekaa kwenye miksa na ule wimbo aliousafisha ukiwa tayari. Mwanangu alikuwa ameniambia waziwazi: pakiharibika, wataweka ule. Nilimkubalia kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeapa kwamba atakayeuweka ataninyofoa kwanza mimi kwenye kiti.

Nikaingia ukumbini nikapiga kelele ya birika kwa mara ya mwisho, nikatoka, nikakaa. Sauti iliyorekodiwa ikaanza. Jogoo akawika, na wakwe wakacheka kwa furaha, mama mmoja akasema kitu cha Kizulu kuhusu jogoo wa kwao. Kisha shangazi akaimba mstari wa kwanza, nami nikawa chini yake kama alivyoniagiza. Kwenye "moyoni" nikalivuta gurudumu, noti ikainama, ikamkuta.

Halafu ikaja ile nafasi.

Niliishikilia noti. Hakuna aliyeitika. Wanawake wetu walitazamana, wakwe wakadhani mashine imekwama. Nilimwona Mkenya anasogeza kidole kwenye kitelezi cha ule wimbo wake, taratibu, kwa huruma. Nikamtazama kwa jicho ambalo nimelirithi kwa huyohuyo shangazi. Kidole kikasimama. Nilijua kwamba rekodi haimngoji mtu, kwamba mstari wa pili utaingia sasa hivi, ameitika au hajaitika, na nafasi itakuwa imepita.

"Labeka," ikasema kanga.

Ilitoka na lafudhi ya Johannesburg, L yake nzito, A yake ndefu mno. Wala sikujua nicheke au nilie. Mstari wa pili wa rekodi ukaanza, na papo hapo ikasikika sauti nyingine juu yake, kubwa, kutoka kwenye simu.

"Nani huyo kaitika?"

"Ni mimi, bibi," mwanangu akasema, kwa Kiswahili.

Rekodi ilikuwa inaendelea kuimba peke yake, inaonya mtu ambaye hayupo.

"Hebu zimeni hiyo ya juzi," akasema shangazi. "Mie nipo."

Mkenya akanigeukia. "Anti, network itakatika. Hatutakuwa na kitu."

Mwanangu aliinua kanga kwa mikono yake yenye hina mpaka uso mzima ukaonekana, mbele ya wakwe zake wote, akamtazama yule kijana.

"Zima," akamwambia.

Akazima. Shangazi akakohoa, akasafisha koo, akaanza mstari wa pili juu sana, mahali ambapo sikuwahi kumsikia akianzia, na hakuna kidole changu hata kimoja kilichokuwa karibu naye. Nikaacha kutazama vitufe, nikalishika gurudumu, nikaanza kumtafuta.